Mwisho wa Msimu, Mwanzo wa Mitihani

Tarehe 2 Machi 2025, kamishna wa ligi moja ya vyuo vikuu vya Marekani alirusha sarafu hewani mbele ya kamera za televisheni. Jina lake Greg Sankey, na ligi ni Southeastern Conference, ambayo mashabiki huiita SEC tu. Timu mbili za mpira wa vikapu za wanawake, South Carolina na Texas, zilikuwa zimemaliza msimu wa kawaida zikiwa sare kabisa: ushindi 15, kichapo 1. Na kichapo chenyewe kila mmoja alikipata kwa mwenzake. Januari, South Carolina walishinda nyumbani 67-50. Februari wakasafiri hadi Austin, wakalimwa 66-62. Kanuni za kuvunja sare zikapitiwa moja baada ya nyingine hadi zikaisha, ikabaki sarafu. Ikawaangukia South Carolina, wakapewa nafasi ya kwanza kwenye mchujo, na wiki moja baadaye wakakutana na hao hao Texas kwenye fainali na kuwanyuka 64-45.

Hebu tusimame kwenye hilo neno "conference". Kwetu tunalitafsiri kongamano, na kongamano sote tunalijua: chupa za maji mezani, kitambulisho shingoni, wali kuku saa saba. Kule, kwenye michezo, neno hilo lina maana nyingine. Ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kucheza vyenyewe kwa vyenyewe, kila mwaka, kwa ratiba inayojulikana mapema. Nitaliita konferensi ili tusichanganyane. SEC ilianzishwa 1932, wakati huo ikiwa ya wanaume, na leo ina vyuo 16. Kila timu ya wanawake hucheza mechi 16 za konferensi: inakutana na wapinzani wake 15, na mmoja wao inakutana naye mara mbili. Mwaka huo South Carolina na Texas ndio waliopangiwa kuonana mara mbili. Ndiyo maana sare ikawa chungu hivyo.

Ila kitu kinachonivutia zaidi ya sarafu ni kalenda. Msimu unaanza Novemba, wanafunzi wakiwa chuoni. Mechi za konferensi zinaanza mwaka mpya na kumalizika mwanzoni mwa Machi. Kisha mchujo wa konferensi, kisha mashindano ya taifa, na mapema Aprili kila kitu kimekwisha, kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka wa masomo. Yaani mtu alikaa chini na kalenda ya mwanafunzi, akaipanga ligi ndani yake. Linaonekana jambo la kawaida hadi ukitazama kwetu.

Msimu huo huo, ndani ya SEC hiyo hiyo, kulikuwa na binti wa Mumias. Madina Okot, futi 6 na inchi 6, alikuwa akichezea Mississippi State, akivuna wastani wa pointi 11.3 na ribaundi 9.6 kwa mechi. Timu yake haikuwa kwenye vita vya sarafu, lakini ilifuzu kwa mashindano ya taifa, ikaitoa California 59-46, kisha ikakutana na University of Southern California na kupigwa 96-59. Ndiyo mechi ile ambayo JuJu Watkins, nyota wa USC, alianguka na kuumia goti, na Marekani nzima ikazungumzia goti hilo kwa wiki. Baadaye mwaka huo Madina akahamia South Carolina, kwa kocha Dawn Staley. Kutoka timu ya kawaida hadi kwa mabingwa, ndani ya mwaka mmoja.

Alitoka wapi? Magazeti ya kule yaliandika Kenya, yakapita. Alitoka Chuo Kikuu cha Zetech, pale Ruiru, kwenye timu inayoitwa Zetech Sparks. Na huko hakuwa akicheza na wanafunzi wenzake tu. Alikuwa akicheza na bandari na benki.

Ligi Kuu ya wanawake ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu la Kenya, KBF, haijawahi kuwa ligi ya vyuo. Ni ya yeyote mwenye timu. Ukiitazama kwenye karatasi inachekesha kidogo: USIU Flames, Strathmore Swords, Zetech Sparks, Panthers wa Africa Nazarene, halafu katikati yao Mamlaka ya Bandari ya Kenya na Equity Bank. Wasichana wenye CAT Jumatatu asubuhi dhidi ya shirika la serikali lililoundwa 1978 kutoka kwa mabaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wasichana wanaosubiri HELB dhidi ya taasisi inayotoa mikopo.

KPA wana ukumbi wao Makande, Mombasa. Wachezaji wao ni watu wazima, wengi wamepitia timu ya taifa, wanafanya mazoezi pamoja mwaka baada ya mwaka na mwisho wa mwezi kuna mshahara. Chuo, kwa upande mwingine, hubadilisha ngozi kila miaka minne. Mlinzi akishaelewa kocha anataka nini, anavaa joho. Na anapovaa joho, mara nyingi anayemngoja nje ya geti ni timu ya kampuni. Kwetu usajili mnono zaidi kwa mchezaji wa kike ni barua ya ajira.

Basi fikiria mwisho wa msimu. Ligi ya KBF kwa kawaida huanza mapema mwaka, ikajikokota kupitia likizo, mihula na mitihani, na mchujo ukaangukia mwisho wa mwaka, wakati mwingine hata kuvuka mwaka. Timu za juu kwenye jedwali zinagombea nafasi, kila pointi ina uzito, na ndipo chuo kinapaswa kupanda basi kwenda Mombasa, kilomita zipatazo 480, kucheza Makande ambako joto peke yake ni mlinzi wa sita. Halafu kurudi usiku. Halafu karatasi ya Takwimu saa mbili asubuhi. Kuna aliyeko attachment Eldoret na bosi hajui basketi ni nini. Kuna ambaye karo haijakamilika, na bila karo hakuna kadi ya mtihani. Wapinzani wao wa bandari, wakati huo, wameomba ruhusa kazini na kupewa, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Msinielewe vibaya. Sisemi bandari na benki zinaonea mtu. Bila wao pengine ligi ya wanawake ingekuwa imekufa zamani, na hao wanafunzi wasingekuwa na mahali pa kufikia baada ya kuhitimu. Julai 2021 Kenya Lionesses waliposhinda Misri kule Kigali na kufuzu kwa AfroBasket, huo ulikuwa uzao wa ligi hii ya mchanganyiko. Na Madina alijifunza kusimama chini ya kikapu dhidi ya wanawake waliomzidi umri na ujanja. Nahisi Mississippi haikumtisha sana kwa sababu hiyo.

Ninachosema ni kwamba kinyang'anyiro cha mwisho wa msimu kinahitaji watu walio sawa kwa jambo moja angalau: muda. Ukiwa na muda wako na mimi nikiwa na muda wa kuazima, jedwali litasema mengi kuhusu mwajiri kuliko kuhusu mpira.

Sasa, kuna watu watakwambia hii ni shida ya Afrika. Hapana. Marekani wenyewe waliishi hivi hivi kwa karibu nusu karne, na hii ndiyo sehemu ya historia ambayo matangazo ya Machi hayaigusi.

Wanawake walianza kucheza mpira wa vikapu karibu siku ile ile wanaume walipoanza. James Naismith alibuni mchezo Desemba 1891, katika shule ya YMCA pale Springfield, Massachusetts. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha wanawake cha Smith, jirani tu, akauchukua na kuwafundisha wanafunzi wake. Machi 1893 madarasa mawili ya Smith yakacheza, na wanaume walipigwa marufuku ukumbini. Tarehe 4 Aprili 1896, Stanford na Berkeley wakakutana San Francisco, wasichana tisa kila upande, watazamaji wote wanawake. Stanford walishinda 2-1. Ndiyo, 2-1, kama mechi ya Gor na Leopards.

Ungedhani kutoka hapo njia ni moja hadi kwenye sarafu ya Sankey. Wapi. Walimu wa kike wenyewe waliingiwa na hofu: ushindani utawaharibu wasichana, utaleta kamari, makocha wa kiume, mashabiki wenye nia mbaya. Kufikia miaka ya 1920 vyuo vingi vilikuwa vimeacha mechi za chuo kwa chuo. Badala yake vikawa na "siku za michezo", ambapo wasichana wa vyuo mbalimbali walichanganywa na kugawanywa upya kwenye timu ili pasiwe na chuo kitakachokishinda kingine. Baada ya hapo, chai na biskuti. Nikisoma habari hizi huwa najiuliza yule aliyefunga hata kikapu kimoja alikuwa anamwambia nani.

Kwa hiyo waliotaka kucheza kweli kweli walienda wapi? Kwa waajiri. Mwaka 1930, kampuni ya bima ya Employers Casualty ya Dallas ilimwajiri msichana wa shule ya upili aitwaye Mildred Didrikson, lakabu Babe. Kwenye karatasi alikuwa karani wa kupiga taipu. Kwa kweli aliajiriwa kuichezea timu ya kampuni, Golden Cyclones, na mwaka 1931 wakatwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata alienda Olimpiki ya Los Angeles kwenye riadha akarudi na dhahabu mbili na fedha moja. Miaka ishirini baadaye mabingwa walikuwa Hanes Hosiery, kiwanda cha soksi cha Winston-Salem, mara tatu mfululizo: 1951, 1952, 1953. Bima na soksi. Badilisha majina, weka bandari na benki, utadhani uko ukumbi wa Nyayo.

Katikati ya kampuni hizo kulikuwa na chuo kimoja kidogo cha kanisa, Wayland Baptist, katika mji wa Plainview, Texas, nyanda kavu za ng'ombe na upepo. Timu yao ya wasichana iliitwa Flying Queens kwa sababu mfanyabiashara wa mjini mwenye ndege ndogo ndiye aliyewasafirisha kwenda mechi za ugenini. Hebu rudia hapo: tatizo lao la kwanza lilikuwa usafiri, na mtu akalitatua. Kuanzia 1953 hadi 1958 walishinda mechi 131 mfululizo dhidi ya yeyote aliyesimama mbele yao, kampuni au chuo. Waliokuja kuwasimamisha, kwenye nusu fainali ya mashindano ya taifa, waliitwa Nashville Business College. Jina la chuo, lakini usidanganyike. Nyota wao, Nera White, aliwachezea takriban miaka 15. Ni mwanafunzi gani huyo anayesoma biashara miaka 15?

Kilichobadilisha mambo kilikuwa sheria. Juni 1972 Marekani ilipitisha kifungu kifupi, maneno 37 tu kwa Kiingereza, kinachojulikana kama Title IX: hakuna atakayebaguliwa kwa sababu ya jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Michezo haikutajwa hata mara moja. Lakini michezo ya vyuo ni elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na mawakili wanajua kusoma. Mwaka huo wasichana wa shule za upili waliocheza michezo ya mashindano nchini mwao hawakufika 300,000. Leo wamepita milioni 3. NCAA, chombo cha michezo ya vyuo, kilipigana na sheria hiyo kwa miaka, na kilipoona haing'oki kikageuka na kuwataka wanawake ambao hapo awali hakikuwataka. Walikuwa tayari na chama chao, AIAW, kilichoanzishwa na kuendeshwa na wanawake. Tarehe 28 Machi 1982, siku moja, zilichezwa fainali mbili za taifa: ya AIAW, Rutgers wakiwashinda Texas, na ya kwanza kabisa ya NCAA, Louisiana Tech wakiwashinda Cheyney State 76-62. AIAW ikafa mwaka huo. Na Cheyney, chuo kidogo cha watu weusi Pennsylvania, hakijawahi kurudi kwenye fainali hiyo. Pesa zilipokuja, zilikuja na wakubwa.

Nimeirefusha hadithi hii kwa sababu ya barabara moja: Barabara ya Magadi.

Ukipanda 125 kutoka jijini unafika Ongata Rongai, ukiwa tayari kaunti ya Kajiado, na pembezoni mwa mbuga ya Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Africa Nazarene. Ni chuo cha kanisa, kilichofungua milango 1994 na kupata hati yake 2002. Kanisa lenyewe, la Nazarene, lilizaliwa 1908 katika mji wa Pilot Point. Jimbo gani? Texas. Chuo kidogo cha kanisa, nyanda kavu za ng'ombe na upepo, wasichana wanaocheza dhidi ya makampuni. Plainview yetu iko Rongai, kasoro ndege.

Endelea na barabara hiyo. Kiserian, kisha Kona Baridi, kisha mteremko wa Bonde la Ufa na joto linaanza kupanda miguuni. Unafika Oltepesi, ambayo kwa Kimaasai ni jina la mgunga, ule mti wa mwavuli. Mbele kuna Olorgesailie na shoka zake za mawe, na mwisho wa lami kuna Magadi, mji uliojengwa na kampuni ya magadi iliyoundwa 1911: nyumba zake, hospitali yake, shule yake, klabu yake. Nchi hii ilizoea mapema kwamba mwenye uwanja ni mwajiri. Kutoka Didrikson wa Dallas hadi kwa mtoto wa mfanyakazi wa Magadi, mlango wa mchezo ni ule ule.

Na kwa msichana wa Kajiado kuna mlango mwingine kabla ya huo. Shule ya wasichana ya AIC mjini Kajiado ilianzishwa 1959, na kwa miaka mingi mkuu wake, Mwalimu Priscilla Nangurai, alijulikana nchi nzima kwa kuwapokea wasichana waliotoroka ndoa za mapema. Kwa hao, kuchelewa kuolewa ndio ulikuwa ushindi wa kwanza. Msichana wa huku anayefika chuo kikuu amekwisha pita mchujo mmoja ambao hauandikwi kwenye jedwali lolote. Kumwambia kwamba kituo kinachofuata ni kushindana na mtu mwenye mshahara, kwa ratiba isiyojua mtihani wake uko lini, ni kumwongezea mlima.

Sheria zetu je? Tuna Katiba ya 2010 na kanuni yake ya theluthi mbili, ambayo Bunge lenyewe lilishindwa kuitekeleza kiasi kwamba Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Bunge lipo. Sina haja ya kusubiri hapo.

KUSA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, kina mashindano yake, na vyuo hupangwa kwa kanda kabla ya fainali. Ni raha tupu, nyimbo hadi usiku, mapenzi ya wiki moja. Lakini mashindano ya siku chache yana kasoro yake: hayana mwisho wa msimu kwa sababu hayana msimu. Unafungwa asubuhi, jioni umepaki begi. Ile hali ya Texas na South Carolina, kumfunga mtu Januari ukijua utamkuta tena Februari kwake, mashabiki wakiwa wamehesabu siku, haiwezi kutokea wikendi moja.

Na haihitaji utajiri wa SEC. Konferensi, kabla haijawa televisheni na mikataba, ilikuwa ni vyuo vinavyopakana. Angalia ramani: Africa Nazarene wako Rongai. Multimedia wako kwenye hiyo hiyo Barabara ya Magadi, upande wa pili wa daraja la Mbagathi. CUEA wako Lang'ata. Chuo cha Ushirika wako Karen. Strathmore wako Madaraka. Vyuo vitano, mechi nyumbani na ugenini, kila mmoja mechi nane. Anza Septemba, maliza katikati ya Novemba, kabla karatasi za mitihani hazijachapishwa. Bandari na benki wabaki na Ligi Kuu yao, na anayetaka kucheza zote mbili acheze. Safari ndefu kuliko zote ingekuwa ya 125 kutoka Rongai hadi Madaraka, Jumatano jioni, foleni ya Bomas ikiwemo, na wasichana wangerudi hosteli kabla ya geti kufungwa.